Nishani za zamani: sonara hupima fedha, hapimi habari

Watu wengi hukusanya stempu. Wengine hukusanya pesa za kale, tangu reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 mpaka pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye picha ya mizani. Mimi, msomaji mpenzi, maradhi yangu ni nishani. Kwa zaidi ya miaka arubaini nimekuwa nikizitafuta katika Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu, Malindi, Vanga na hata Unguja: kwa masonara, kwa wenye maduka ya vitu vya zamani, na katika mabweta ya nyumba ambazo mwenye kuvaa nishani alikwisha kufa siku nyingi, na waliobaki hawajui tena alipewa kwa sababu gani.

Wako wanaonicheka. "Shekhe," huniambia, "hivi vibati vya Wazungu vyakufaa nini?"

Swali hilo si baya, na makala haya ndiyo jawabu langu.

Nishani ni hati. Barua huliwa na mchwa, ukuta wa mawe huanguka, na msimulizi huondoka na maneno yake. Lakini fedha iliyopigwa chapa hukaa miaka mia na zaidi, na jina na mwaka vikawa vingali vyasomeka. Ila hati hii haikuandikwa mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Imeandikwa na upande mmoja tu, nao ni upande wa aliyeitoa. Kwa hiyo mwenye kukusanya nishani hana budi kuwa kama kadhi: ausikilize na upande wa pili kabla hajakata hukumu.

NISHANI NA MEDALI

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Nishani ni ile anayopewa mtu aivae kifuani, kwa vita alivyopigana, kwa cheo alichopata au kwa utumishi wake. Medali ya ukumbusho ni jambo jingine. Hiyo hupigwa ili kuadhimisha tukio: ziara ya mfalme, kufunguliwa kwa reli, kumalizika kwa vita. Aghalabu haivaliwi. Huwekwa katika kisanduku chake, na pengine huuzwa kwa yeyote mwenye kuitaka.

Mfano mzuri wa medali ya ukumbusho ni ile iliyopigwa na Jiji la London mwaka 1867, Sultan Abdulaziz wa Uturuki alipokwenda huko. Yeye ndiye sultani wa kwanza wa Kiosmani kuzuru Ulaya ya magharibi kwa amani. Ni medali kubwa ya shaba, pana kama mdomo wa kikombe. Upande mmoja una sura ya Sultan. Upande wa pili una wanawake wawili, mmoja ni London na mwengine ni Uturuki, wakikaribishana, na nyuma yao kanisa kuu la London na msikiti wa Istanbul. Mwenye kuitazama atadhani wawili hao hawakupata kugombana kamwe. Lakini haikupita nusu karne, mwaka 1914, wakawa vitani. Ndivyo zilivyo medali: huihifadhi siku ya karamu, zikanyamaza juu ya siku zilizofuata.

Sisi watu wa Pwani hatukuwa na desturi ya kubandika madini kifuani. Mkubwa wetu alijulikana kwa joho, kilemba, jambia na upanga. Ufalme ulijulikana kwa siwa, kama zile siwa mashuhuri za Pate na Lamu. Nishani zilikuja na Wazungu, na miongoni mwa waliozipokea mapema alikuwa Sayyid Barghash bin Said wa Unguja.

NYOTA YA SAYYID BARGHASH

Mwaka 1875 Sayyid Barghash alikwenda Uingereza. Aliona jinsi wafalme wa Ulaya wanavyopeana nyota na tepe, na jinsi nyota hizo zinavyofanya kazi ambayo pengine jeshi haliwezi. Mwaka huo huo akaanzisha nishani yake mwenyewe, akaiita Al-Kaukab ad-Durri, yaani Nyota Ing'aayo. Msomaji aliyehitimu chuoni atayatambua maneno hayo mara moja, kwani yamo katika Sura ya Nuru, aya ya 35. Umbo lilikuwa la Kizungu, lakini jina lilitoka msahafuni. Ilikuwa ni kusema, kwa heshima na bila ya ugomvi, kwamba mfalme wa Unguja naye ni mfalme kama wao, na ana dini yake na lugha yake.

Basi tazama mambo yalivyogeuka. Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 25 Agosti, 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini akafariki, na Sayyid Khalid bin Barghash, mtoto wa yule yule aliyeanzisha nyota, akaingia katika kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, tarehe 27, manowari za Kiingereza zikaipiga kasri mizinga. Haikutimia saa moja mambo yakawa yamekwisha. Watu wa upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa wakadiriwa kuwa kama 500. Akatawazwa Sayyid Hamoud bin Muhammad.

Kamanda wa manowari hizo alikuwa Admirali Harry Rawson. Baada ya vita hivyo Rawson akatunukiwa Nyota Ing'aayo ya daraja la kwanza, na mkuu wa askari wa upande wake pale mjini, Bwana Raikes, naye akapewa ya kwake. Yaani aliyelipiga nyumba la Barghash mizinga akavishwa nyota ya Barghash! Sijui katika historia ya nishani kama kuna kinaya kikubwa kuliko hiki.

Ama Khalid mwenyewe, alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916 wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli. Mwisho aliruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akafia hapa hapa Mombasa mwaka 1927. Hakuna nishani iliyopigwa kwa ajili yake.

Jina la Rawson tulikumbuke, kwani mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa huku kwetu bara ya Mombasa.

WITU NA MWELE

Nishani ya Pwani inayotafutwa kuliko zote ni ile iitwayo Nishani ya Afrika ya Mashariki na ya Magharibi. Waingereza waliianzisha mwaka 1892 kwa vita vidogo vidogo walivyopigana baina ya mwaka 1887 na 1900. Ni ya fedha, na utepe wake ni wa manjano wenye mistari myeusi. Ziko pia chache za shaba, walizopewa wapagazi na watumishi. Juu ya utepe hupita kijibao cha fedha chenye jina la vita. Katika vijibao hivyo, vya kwetu ni viwili: "Witu 1890" na "Witu August 1893".

Witu ulikuwa mji wa Wanabahani waliotoka Pate, chini ya Ahmad Fumo Luti aliyepewa jina la Simba. Hawakukubali kutawaliwa na Unguja, wakaingia msituni, na mji wao ukawa kimbilio la watumwa waliotoroka na kila mwenye kuchoshwa na mabwana wa mwambao. Mwaka 1885 Simba alifanya urafiki na Wajerumani. Lakini tarehe 1 Julai, 1890, Wajerumani na Waingereza walipatana huko Ulaya, na Witu ukahamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwengine, wenyewe hawakuulizwa. Mwezi wa Septemba Mjerumani mmoja, Küntzel, aliyekuja kukata mbao, alizozana na watu wa Witu, akauawa yeye na wenziwe. Mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle akateremsha majeshi ya manowari, na tarehe 27 mji wa Witu ukatekwa, ukatiwa moto. Sultan Fumo Bakari alifariki mwanzo wa mwaka 1891. Watu wake waliendelea kupigana, ndipo kikaja kile kijibao cha pili cha Agosti 1893, cha vita vya Pumwani na Jongeni.

Vita vya Mwele vilikuja baadaye. Mwezi wa Februari, 1895, alifariki Salim bin Khamis al-Mazrui, mkubwa wa Takaungu. Ukoo ulimwona mpwa wake mkubwa, Mubarak bin Rashid, kuwa ndiye mwenye haki. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala wakati huo ikamtaka mtoto wa marehemu, Rashid bin Salim, kwani alikuwa rafiki yake. Ugomvi wa urithi wa nyumba moja ukawa vita vya Pwani nzima. Mzee wa Mazrui wa Gasi, Mbaruk bin Rashid, akaingia upande wa ndugu zake.

Mbaruk alikuwa na boma lake Mwele, ndani ya vilima vya Shimba, alimozoea kujihifadhi tangu enzi za kupigana na masultani wa Unguja. Tarehe 17 Agosti, 1895, Rawson akalivamia boma hilo na kuliteka. Jenerali Mathews wa Unguja alijeruhiwa hapo. Lakini Mbaruk hakukamatwa. Alipigana miezi minane mingine, mpaka Waingereza wakaagiza askari kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili, 1896, akavuka mpaka na watu wake na kujisalimisha kwa Wajerumani. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Nishani ya Mwele haina kijibao. Ni nishani ile ile, ila neno "Mwele" na mwaka vimechongwa ukingoni, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka aigeuze na kuiinamisha kwenye mwanga. Wengi wamezishika nishani hizo wasijue walichonacho.

Ninayo moja. Niliinunua kwa sonara mmoja, naye aliinunua kwa kijana aliyeirithi kwa babu yake, askari wa siku hizo. Ilikuwa tayari iko juu ya mizani, ikingoja kuyeyushwa iwe vikuku. Sonara hana kosa. Kazi yake ni kupima fedha, hapimi habari.

Miaka mingi iliyopita nilimwonyesha nishani hiyo mzee mmoja wa upande wa Gasi, ambaye babu yake alikuwa ndani ya boma siku ile lilipovamiwa. Aliishika muda mrefu bila ya kusema neno. Upande mmoja aliona sura ya Malkia Victoria akiwa na ushungi na taji. Akaugeuza upande wa pili, wenye picha ya askari wa Kiingereza wakipigana na watu weusi walio uchi ndani ya msitu mnene.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa si sisi."

"Vipi, mzee wangu?"

"Wazee wetu walivaa kanzu na vikoi. Walikuwa na bunduki, na walikuwa na muadhini wao. Hapa mahali sipajui. Hawa watu siwajui. Basi vita vyetu viko wapi?"

Mzee yule hakuwa amesoma kitabu chochote cha nishani, lakini jicho lake lilikuwa sawasawa. Picha ile haikuchorwa kwa ajili ya Witu wala Mwele. Ilichorwa na Edward Poynter kwa nishani ya vita vya Waashanti vya mwaka 1873 na 1874, katika nchi iitwayo leo Ghana. Waingereza walipopigana Pwani, hawakuona haja ya kuchora picha mpya. Msitu mmoja uliwatosha kwa Afrika nzima, na mtu mmoja mweusi aliwatosha kuwa Mwashanti, Mnabahani na Mazrui. Jina la Mbaruk halimo, wala la Fumo Bakari.

Nilimwuliza mzee kama ananilaumu kwa kukiweka kitu hicho nyumbani mwangu. Akafikiri, kisha akasema: "Kiweke. Lakini usikiweke peke yake."

Siku hiyo nilikaa naye tangu baada ya Alasiri hadi adhana ya Magharibi, nikaandika kila alichonihadithia: nani alikuwa ndani ya boma, wanawake walipitia njia gani kutoka, nani alirudi na nani hakurudi. Karatasi hizo ziko ndani ya bweta moja na ile nishani. Wageni wawili wameitaka kwa bei nzuri, na wote wawili nimewaambia kwamba haiuzwi. Si kwa sababu ya fedha yake. Ni kwa sababu hicho ndicho kipande pekee nilichonacho ambacho pande zote mbili za boma zimetia mkono.

NISHANI YA MWENYE KUTOA

Msomaji asidhani kwamba kila nishani ni ya mtu kumwua mtu. Ninayo nyengine, ya nikeli, thamani yake ni ndogo sokoni, nami naipenda kuliko nyingi za fedha. Rafiki yangu aliniletea kutoka Istanbul. Ina tughra ya Sultan Abdulhamid wa Pili, mwaka 1318 wa Hijra, na katikati picha ya gari la moshi. Hiyo ni nishani ya Reli ya Hijazi.

Mwaka 1900 Sultan Abdulhamid alitangaza kwamba itajengwa reli kutoka Damascus hadi Madina, ili mahujaji wasitaabike tena. Safari hiyo kwa ngamia ilikuwa ya siku kama arubaini, na mahujaji wengi walikufa njiani kwa maradhi, kiu na kushambuliwa. Sultan hakutaka mkopo wa mabenki ya Ulaya. Akawaita Waislamu wa dunia nzima wachange. Wakachanga watu wa Uturuki, Misri, Bara Hindi na nchi nyingine nyingi. Maofisa wa serikali walikatwa mishahara yao, na hata ngozi za wanyama wa kuchinja siku ya Idi ziliuzwa, pesa zake zikatiwa katika mfuko wa reli. Kila mchangaji mkubwa alipewa nishani kadiri ya alichotoa: nikeli, fedha, na dhahabu kwa waliotoa zaidi.

Wajenzi wengi walikuwa askari wa Kituruki, na mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Meissner Pasha, ijapokuwa sehemu ya mwisho ya kuingia Madina ilijengwa na wahandisi Waislamu. Reli ikafika Madina na kufunguliwa rasmi tarehe 1 Septemba, 1908, urefu wake kama kilomita 1,300. Safari ya siku arubaini ikawa ya siku tatu hivi.

Miongoni mwa waliopanda gari hilo mwaka huo huo wa 1908 alikuwemo Mswahili mmoja wa Mombasa, Masaudi. Alifuatana na Mwingereza aitwaye Arthur Wavell, aliyekuwa amejigeuza na kujifanya mtu wa Unguja. Wavell aliandika habari za safari hiyo katika kitabu, na humo ndimo jina la Masaudi lilimosalimika. Wengine waliokwenda kwa reli ile kutoka mwambao wetu, kama walikuwako, hawakuandikiwa kitabu.

Reli ya Hijazi haikufika Makka kama ilivyokusudiwa. Katika vita vya 1916 hadi 1918 ilivunjwa vunjwa kwa baruti, na njia ya Madina haikupata kutengemaa tena. Stesheni ya Madina leo ni makumbusho. Lakini nishani ya nikeli ingaliko, na yaliyomo ndani yake ni sadaka. Nikiiweka kando ya ile ya Mwele, naona kwamba kitu kimoja, kipande cha madini na utepe, chaweza kuwa shukrani kwa mwenye kutoa, na chaweza kuwa malipo kwa mwenye kuchoma. Umbo halisemi. Lazima uulize.

WASIOANDIKWA

Huyo Wavell alirudi Mombasa. Vita vya 1914 vilipoanza alikusanya Waarabu wa hapa, akaunda kikosi kilichoitwa Arab Rifles. Mwezi wa Januari, 1916, aliuawa kusini ya Mombasa pamoja na baadhi ya watu wake, katika mapambano na Wajerumani. Mahali penyewe paliitwa Mwele Mdogo. Miaka ishirini baada ya Mbaruk, jina la Mwele likaingia tena katika hesabu ya waliokufa.

Nishani za fedha za vita hivyo huandikwa jina la askari ukingoni: namba yake, cheo chake na kikosi chake. Hii ni baraka kubwa kwa mtafiti. Kwa jina hilo mtu aweza kumpata babu yake. Lakini je, wapagazi? Wale wa Kariakoo, waliobeba risasi na unga kwa vichwa vyao kutoka Pwani hadi Ruvuma, wakafa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Mtu asipoandikwa kaburini, ataandikwa wapi?

Kuna na aina nyengine ya kusahauliwa. Mwaka 1935, Mfalme George wa Tano alipotimiza miaka 25 ya utawala, zilitolewa nishani zaidi ya 85,000 katika dola yake yote. Ziko nyingi hapa Pwani, kwani walipewa maliwali, makadhi, mudiri, makarani na wazee wa mitaa. Nishani hizo zilitolewa bila ya jina la mpewa. Siku nyumba inapomsahau mzee wake, nishani yake huwa bubu, ikawa fedha kama fedha nyengine.

KABLA YA KWENDA KWA SONARA

Sasa nina maneno machache kwa mwenye nishani ndani ya nyumba yake, na najua kwamba mko wengi.

Kwanza, msiisugue kwa jivu, kwa ndimu wala kwa dawa ya kung'arishia shaba. Weusi ule wa fedha ni ngozi yake. Ukiusugua kila Idi, baada ya miaka michache sura ya mfalme itabaki bila ya pua, na jina la babu ukingoni litafutika. Iwekeni pakavu, mbali na hewa ya chumvi, ndani ya kitambaa safi cha pamba. Mifuko ya plastiki laini haifai, hutoa utandu wa kijani unaokula madini. Utepe wa zamani, hata ukichakaa, usitupwe, kwani rangi zake ndizo zinazoeleza nishani ni ya nini.

Pili, someni ukingo kwa kioo cha kukuzia, kisha mwandike mlichokiona, herufi kwa herufi, hata kama jina limekosewa. Makarani wa Kizungu waliyaandika majina yetu kama walivyoyasikia. Mkiona ukingo mwembamba kuliko kawaida, au maandishi yasiyolingana, tahadharini: huenda jina la kwanza limefutwa na kuandikwa jengine ili iuzwe kwa bei.

Tatu, msikubali mgeni aondoke nayo kwa haraka. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo ndio mwaka wa boma la Mwele, kwa hiyo baadhi ya nishani zetu ziko juu ya mpaka wenyewe. Mwenye shaka aende akaulize katika makumbusho ya Fort Jesus au ya Lamu kabla ya kuuza.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, iulizeni kila nishani maswali matatu. Nani aliitoa? Nani alipewa? Na nani alikuwa upande wa pili? Mawili ya kwanza yatajibiwa na nishani yenyewe. La tatu halijibiwi na fedha wala shaba. Lajibiwa na bibi aliyeketi barazani, na mzee anayengoja sala msikitini, na watu hao kila mwaka wanapungua.

Kijana mwenye kalamu na daftari ya shule anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mimi mwenye bweta la nishani. Aanze Ijumaa hii baada ya sala. Amsalimie mzee wa mtaa wake, akae chini, amwombe amhadithie habari za Gasi, za Takaungu, za Witu, au za Kariakoo. Aandike jina la msimulizi na tarehe, kisha akitunze alichokiandika mahali pamoja na nishani, kama ipo. Na kama haipo, aandike vivyo hivyo.